Simu za Matangazo Zisizotakiwa: Haki na Hatua za Mwananchi

Mkazi wa Ruponda, wilayani Nachingwea, anayesumbuliwa na simu za kunadi mikopo au michezo ya kubahatisha ana haki ya kuzikataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamruhusu kuitaka kampuni iache kutumia taarifa zake kwa matangazo ya biashara. Ni vyema ombi liwe la maandishi. Likipuuzwa, malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Simu za matapeli ni suala jingine, nazo zinahitaji tahadhari kubwa zaidi wakulima wanapolipwa fedha za korosho. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inaelekeza kuwa kampuni za simu huwapigia wateja kwa namba 100 pekee. Mpigaji mwingine anayeomba namba ya siri akatiwe simu, hata akitaja jina kamili la mteja, kwani jina hilo humtokea yeyote anayeanza kutuma fedha kwenye namba husika. Namba ya tapeli iripotiwe kupitia 15040. Kwa kupiga *106#, mwananchi huhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.