Njia ya Angani baina ya London na Johannesburg

Umbali wa miji miwili hupimwa kwa namna mbili: kwa kilometa na kwa saa. Kipimo cha kwanza ni cha ardhi, nacho hakibadiliki. Cha pili ni cha wanadamu, nacho hufuata ufundi wao na mwenendo wao. Johannesburg iko mbali na London kwa kilometa 9,000 hivi, na historia ya safari hiyo yaonyesha tofauti ya vipimo hivi viwili.

Marubani wa kwanza kuruka kutoka Uingereza hadi Cape Town, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliondoka tarehe 4 Februari 1920, wakafika tarehe 20 Machi. Ndege mbili ziliharibika njiani. Walifika kwa ya tatu. Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari za ratiba hadi huko huko, kupitia Kisumu, Nairobi, Dodoma na Mbeya. Safari ikawa ya siku 11, kwa kuwa ndege za zama zile zilitua mara nyingi kutia mafuta, na abiria walilala nchi kavu. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ilianza safari za kwanza duniani za abiria kwa injini za jeti. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia.

Yamkini msomaji atadhani kwamba tangu hapo muda ulizidi kupungua tu. Sivyo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulikwisha kukiri kwamba kila dola ni mwenye enzi juu ya anga lake. Basi mwaka 1963, viongozi wa Afrika walipokutana Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, waliazimia kuzizuia ndege za serikali ya Afrika ya Kusini zisipite juu ya nchi zao, kwa sababu ya siasa ya ubaguzi wa rangi. Shirika la South African Airways likalazimika kuizunguka Afrika ya Magharibi juu ya bahari ya Atlantiki, hali ndege za Uingereza zikiendelea kukata katikati ya bara. Miji ilikuwa ile ile, mashine zilikuwa za aina moja, lakini saa zilitofautiana.

Mwaka 1976 shirika hilo lilipokea ndege za Boeing 747SP, ziwezazo kuruka mbali sana bila kutua. Ziliondoa haja ya kutua njiani. Mzunguko hazikuweza kuuondoa. Njia iliyonyooka ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ubaguzi ulipokuwa ukivunjwa, na leo safari huchukua saa 11 hivi.

Mataifa yaliyokuwa machanga mwaka 1963 hayakuwa na ndege nyingi wala fedha nyingi. Yalikuwa na anga, na kwa anga hilo yaliwafanya wabaguzi walipe kwa saa na kwa mafuta, takriban miaka 30, gharama ya kuwadhulumu jirani zao.