Kuihoji Mashine Pepe: Historia ya Amri za Kutazama Mashine na Picha za Hali Yake

Walimu wengi wa lugha walioanza kutumia kompyuta katika miaka ya 1990 na 2000 walifundishwa kwa madirisha na vitufe vya kubofya. Ndiyo maana wanapomwona fundi wa maabara amefungua kioo cheusi na kuandika maneno mawili matatu, hudhani kwamba hilo ni jambo jipya la wataalamu. Historia inasema kinyume. Kuandika amri ndiko kulikotangulia, na katika jambo moja mahususi, yaani kuuliza habari za mashine pepe, amri zilitumika zaidi ya miaka 30 kabla ya kompyuta za mezani kupata madirisha ya kazi hiyo. Makala haya yanazifuata amri hizo kwa sababu historia yake ni ya lugha pia: nani anauliza, anamuuliza nani, na jibu linasomwaje.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Ina kumbukumbu yake, diski yake na hata kadi yake ya mtandao, lakini vyote hivyo ni mgawo tu wa mali ya mwenyeji wake. Mfumo endeshi uliomo ndani yake hufanya kazi kana kwamba una kompyuta nzima peke yake. Jina lenyewe lina matatizo kidogo. Mkulima wa mpunga anajua kwamba pepe ni punje tupu isiyo na kiini, na mashine tunayoizungumzia si tupu hata kidogo. Hata hivyo "barua pepe" imekwisha kukita mizizi, na mwanafunzi akisikia "mashine pepe" hupata fununu ya maana bila kuelezwa. Nami nalitumia, nikikumbuka kwamba hata waundaji wa kwanza walibadili jina njiani: mwanzoni walizungumzia mashine bandia, kisha wakaazima neno lililokuwa likitumika katika mradi mwingine wa kampuni yao, ulioitwa M44/44X.

Waundaji hao walikuwa katika kituo cha utafiti ambacho kampuni ya IBM ilikifungua mwaka 1964 mjini Cambridge, Massachusetts, Marekani. Wakati huo kompyuta ilikuwa mali ya chuo kizima, na swali kubwa lilikuwa namna ya watu wengi kuitumia kwa pamoja. Jirani yao, Chuo Kikuu cha MIT, kilikuwa kimeonyesha mwaka 1961 mfumo wa kugawana muda ulioitwa CTSS. Robert Creasy, aliyewahi kufanya kazi katika mfumo huo, aliongoza kundi la IBM katika njia nyingine: badala ya kumpa kila mtumiaji kipande cha kompyuta moja, apewe kompyuta yake nzima, iliyo pepe. Mfumo wao, CP-40, ulianza kazi ya kila siku Januari 1967 ukiwa na uwezo wa kuendesha mashine pepe 14 kwa mara moja. Ukafuatwa na CP-67, na tarehe 2 Agosti 1972 IBM ikatangaza VM/370 kwa wateja wake wote.

Mtumiaji wa siku hizo aliketi mbele ya chombo kilichofanana na taipureta. Hakukuwa na kioo. Alichoandika kilipigwa chapa kwenye karatasi, na jibu la kompyuta likapigwa chapa chini yake, mstari kwa mstari. Kila alichotaka kukijua kuhusu mashine yake ilimbidi akiulize kwa maneno. Amri ya kuuliza ilikuwa QUERY, na wazoefu waliifupisha kuwa Q. Ukiandika QUERY NAMES uliambiwa ni nani waliomo katika mfumo. Ukiandika QUERY VIRTUAL ulipewa orodha ya vifaa vya mashine yako pepe.

Lililo muhimu zaidi kwa mwalimu wa lugha ni kwamba wasemeshwaji walikuwa wawili. Kulikuwa na CP, mwenye nyumba, aliyezigawa mashine. Na kulikuwa na CMS, mfumo mdogo uliokaa ndani ya mashine ya kila mtu. Swali likielekezwa kwa mgeni lilipata jibu la mgeni, na likielekezwa kwa mwenye nyumba lilipata jibu la mwenye nyumba. Hadi leo wanafunzi hupotea hapahapa: wanaandika amri ya kutazama mashine pepe wakiwa ndani ya mashine pepe yenyewe, ilhali anayeijua orodha ya mashine zote na picha zake ni mwenyeji.

VM/370 ilikuwa pia na amri ya SAVESYS, ambayo msimamizi aliitumia kuhifadhi kumbukumbu ya mashine pepe jinsi ilivyo wakati huo, ili baadaye iwashwe kutoka hapohapo kwa kutaja jina lake. Hiyo si picha ya hali kwa maana ya leo, lakini ni babu yake wa karibu.

Neno lenyewe la Kiingereza, "snapshot", lina safari ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 19 lilikuwa la wawindaji: risasi iliyofyatuliwa upesi bila kulenga sana. Mwaka 1860 mwanasayansi John Herschel akalitumia kwa picha inayopigwa kufumba na kufumbua, na baadaye watu wa kompyuta wakalichukua kwa wapiga picha. Kwa Kiswahili napendelea "picha ya hali". "Picha" peke yake itachanganywa na faili za picha za kawaida, na "nakala" ni hatari zaidi kwa sababu nitakayoieleza.

Kompyuta ndogo za mezani zilichelewa kufika hapa. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo kichakato sharti kiyatimize ili kiweze kubeba mashine pepe kwa urahisi, na vichakato vya Intel vilivyokuja kutawala madawati yetu havikuyatimiza. Njia ya kuzunguka kikwazo hicho ilipatikana na kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, na bidhaa yake ya kwanza ikatoka mwaka 1999. Picha ya hali ilionekana katika toleo la 4 la bidhaa hiyo mwaka 2003, moja tu kwa kila mashine. Zikawa nyingi katika toleo la 5, mwaka 2005.

Programu ambayo vyuo vingi huimudu ni VirtualBox, iliyotolewa Januari 2007 na kampuni ya Innotek ya Ujerumani, ikanunuliwa na Sun mwaka 2008, kisha ikaingia mikononi mwa Oracle mwaka 2010. Ina madirisha mazuri, lakini nyuma yake ipo amri moja, VBoxManage. Ukiandika VBoxManage list vms utapata majina ya mashine zote, kila moja na nambari yake ndefu ya utambulisho. List runningvms huonyesha zile tu zinazoendeshwa sasa. Kwa mashine iitwayo maabara, VBoxManage showvminfo maabara humwaga kila kitu: kiasi cha kumbukumbu, diski, mtandao, na hali yake. Kisha VBoxManage snapshot maabara list huzitaja picha za hali, kila moja ikiingizwa ndani kidogo chini ya mzazi wake, na nyota ikiwekwa kwenye ile ambayo hali ya sasa imetokana nayo.

Ipo amri nyingine ambayo watu huisahau. VBoxManage snapshot maabara showvminfo, ikifuatwa na jina la picha, huonyesha mipangilio ya mashine kama ilivyokuwa siku picha ilipochukuliwa. Amri ile ya awali husema kwa -na-, hii husema kwa -li-. Ukizisoma pamoja utajua kilichobadilika katikati.

Usomaji huo una uzito kwa idara kama zetu. Chukua idara iliyoweka kongoo lake la matini ndani ya mashine pepe. Picha ya hali haibebi diski nzima; diski ya zamani hufungwa isiandikwe tena, na mabadiliko yote yanayofuata huandikwa katika faili jipya la tofauti. Faili hilo bila diski mama ni punje pepe kwelikweli. Aliyeita picha ya hali "nakala" ataamini kwamba ana akiba, na diski mama ikiharibika atapoteza vyote kwa pamoja. Vilevile, anayerudisha picha ya zamani bila kuhifadhi hali ya sasa hufuta kila kilichoingizwa tangu wakati huo, pengine kazi ya muhula mzima ya wanafunzi. Mstari mmoja wa amri ya list, uliosomwa kabla ya kubofya, unatosha kuonyesha nyota iko wapi.

Katika seva za Linux amri ya kawaida ni virsh, sehemu ya mradi wa libvirt uliotoka mwaka 2005. Ukiandika virsh list peke yake utaona mashine zilizowashwa tu, na wengi wameshtuka wakidhani nyingine zimepotea. Sharti uongeze --all. Amri virsh snapshot-list ikiongezewa --tree huchora picha za hali kama mti wa ukoo. Ajabu ni kwamba virsh haiiti mashine mashine, bali huiita "domain", msamiati wa mfumo wa Xen uliotoka Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza mwaka 2003. Kwa Cambridge mbili tumepata majina mawili ya kitu kimoja, sawa na sisi wenye "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi".

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kilichofasiriwa kilikuwa menyu na madirisha. Kwenye mstari wa amri tumebaki na Kiingereza, na sioni haja ya kuzifasiri amri zenyewe, kwa kuwa zimekuwa kama majina ya watu. Majibu ndiyo tuyape Kiswahili darasani. "Running" ni rahisi: inaendeshwa. "Aborted" itampeleka mwanafunzi mwenye kamusi kwenye kuharibika kwa mimba, kumbe maana yake ni kwamba mashine ilikatika ghafla bila kuzimwa ipasavyo. "Saved" ndiyo ngumu zaidi, maana tukisema "imehifadhiwa" tutarudi kwenye kosa la akiba. Napendekeza "imelazwa": kumbukumbu yake imewekwa kwenye diski, na ikiamshwa huendelea palepale ilipoachia.