Buckeye (peremende)

Buckeye ni peremende ya siagi ya karanga iliyochovywa kwenye chokoleti. Inahusishwa na jimbo la Ohio, Marekani, ambako hutengenezwa majumbani hasa wakati wa Krismasi na msimu wa mpira wa miguu wa Kimarekani. Umbo lake linafanana na mbegu ya buckeye (Aesculus glabra), mti rasmi wa jimbo hilo tangu 1953: rangi ya kahawia inayong'aa, yenye doa jeupejeupe upande mmoja. Mbegu yenyewe ina sumu na hailiwi. Timu za michezo za Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio pia huitwa Buckeyes.

Utengenezaji

Siagi ya karanga, siagi ya maziwa iliyolainika, sukari ya unga na vanila kidogo hukandwa hadi kupata donge lisilonata mikononi. Donge hufinyangwa kuwa viduara vya upana wa sentimita 2 hadi 3, ambavyo huwekwa kwenye friji vigande. Visipoganda humomonyokea ndani ya chokoleti. Chokoleti nyeusi huyeyushwa kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto. Tone la maji likiingia, hushikana mabongemabonge. Kila kiduara huchomwa kijiti cha meno na kuchovywa, sehemu ya juu ikiachwa wazi. Kijiti kikishatolewa, tundu huzibwa kwa ncha ya kidole.

Uhifadhi

Buckeye huhifadhiwa kwenye friji, ndani ya chombo chenye mfuniko. Hazifai kwa wenye mzio wa karanga.