Palahala

Palahala, au mbarapi, ni mnyama wa porini wa jamii ya swala, mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni. Dume aliyekomaa ni mweusi, mwenye tumbo jeupe na michirizi myeupe usoni. Majike wengi na ndama ni wa hudhurungi. Makao yake ni misitu ya miombo, ikiwemo ile ya ushoroba wa Selous–Niassa unaopita Namtumbo na Tunduru hadi mto Ruvuma na ng'ambo yake.

Msemaji wa Kiswahili haoni jambo lolote ndani ya jina hili: si rangi, si pembe, si mbio. Linafunguka likiwekwa pamoja na ndugu zake wa Kibantu. Msumbiji huitwa palapala, hata na wasemao Kireno. Wachewa husema mphalapala, Washona mharapara, Wavenda phalaphala. Katika Kiswahili p ya pili imelegea ikawa h. Kivenda ndicho kinachoonyesha muundo waziwazi: phala ni swala pala, na phalaphala ni jina hilo lililorudiwa, likapewa mnyama mwenye uzito unaokaribia mara nne ya swala pala. Pala hiyohiyo imo katika impala ya Kizulu, iliyochukuliwa na Kiingereza na kuenea duniani. Wavenda pia huita phalaphala baragumu la pembe linalopulizwa kuwaita watu, na redio ya taifa ya Afrika Kusini inayotangaza kwa Kivenda inaitwa Phalaphala FM.

Wataalamu wa Ulaya walichelewa sana kumpa jina. Mwingereza William Cornwallis Harris alimwelezea mwaka 1838 na kumwita niger, yaani mweusi, jina linalowafaa madume kuliko majike. Hippotragus, jina la jenasi, ni Kigiriki cha farasi na mbuzi. Palahala wa Shimba Hills, Kwale, waliitwa roosevelti mwaka 1910, kwa heshima ya ukoo wa rais wa zamani wa Marekani aliyekuja kuwinda. Jina la Kibantu, lililoenea kutoka Ruvuma hadi Limpopo, lina haki zaidi ya kufundishwa shuleni.

Palahala asichanganywe na korongo, ndugu yake wa karibu mwenye mwili wa kijivu na hudhurungi na pembe fupi zaidi. Korongo ni jina la ndege pia.