Masaa Nane ya Alyne

Wasee, niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa hata nasomea sheria, kwa hivyo msinijazie komenti za "wewe si wakili." Najua. Hii story imenipata kazini.

Kuna dada mmoja ni mtafiti wa sheria, upande wa haki za afya ya uzazi. Anachimba mafaili ya akina mama waliofariki ama kuumizwa wakijifungua, kisha mawakili wanapeleka kesi, zingine mpaka Umoja wa Mataifa. Alinipa kazi ya video ya dakika moja kuhusu Alyne da Silva Pimentel wa Brazil.

Novemba 2002, Alyne, miaka 28, mjamzito miezi sita, alienda hospitali ya kibinafsi huko Belford Roxo akitapika na tumbo likimuuma. Akapewa dawa, akarudishwa nyumbani. Siku mbili baadaye akarudi, mtoto akiwa ameshafia tumboni. Upasuaji wa kutoa kondo la nyuma ulifanywa masaa 14 baada ya kujifungua. Akaanza kuvuja damu. Ambulensi ya kumhamisha ilichukua masaa nane. Alikofikishwa hakuna aliyekuwa na faili yake, akawekwa kwenye korido. Alifariki tarehe 16.

Mimi skripti yangu nilikata masaa yote. Nikaacha machozi na muziki wa piano, maana ndio watu hutazama. Dada akanipigia simu: "Ukitoa hayo masaa hakuna kesi. Kuna mama amekufa tu."

Hapo ndio nikaelewa. Sheria ilikuwepo kitambo. Tehran 1968, mataifa yalikubali wazazi wana haki ya kuamua wazae watoto wangapi na wapishane vipi. Mkataba wa CEDAW wa 1979, ambao Kenya iliuridhia 1984, unataka mwanamke apate huduma inayofaa akiwa na mimba na akijifungua, bure pale inapobidi. Maneno matamu. Lakini mama yake Alyne alipofikisha kesi kwa kamati ya CEDAW mwaka wa 2007, serikali ya Brazil ilijitetea ati kilichomuua ni damu kuvuja tumboni, si mambo ya uzazi. Na hospitali ya kwanza si ilikuwa ya kibinafsi? Ilibidi watu wakae chini na makaratasi, saa kwa saa, kuonyesha kila kuchelewa kulizaa kingine.

2011 kamati ikasema serikali haiwezi kunawa mikono, lazima isimamie hata hospitali za watu binafsi. Ikasema pia Alyne alibaguliwa kama mwanamke, kama mtu mweusi na kama maskini. Hiyo ndiyo mara ya kwanza chombo kama hicho kuwajibisha serikali kwa kifo cha mama mzazi. Fidia mama yake aliipata 2014. Miaka 12, manze.

Nilirudisha masaa yote, video ikatazamwa na watu wachache sana. Lakini mathe aliitazama. Akanyamaza, halafu akasema, "Na mimi walinikalisha hospitali siku kumi na moja nikiwa na wewe. Bili."

Mimi ni wa 2002, mwaka ule ule. Sikuwahi kuambiwa.

Huku Kenya tulingoja mpaka Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi aliposema kuwazuilia akina mama wawili Pumwani kwa sababu ya bili kulivunja haki zao. Mmoja alikaa siku 24, akilala sakafuni. Alipewa milioni 1.5, mwenzake laki tano.

Nilimwambia yule dada kuhusu mathe. Hakunipa pole. Aliuliza, "Ana karatasi?"

Mathe akafungua lile sanduku la chini ya kitanda. Kadi ya kliniki, picha za mazishi ya babu, na risiti ya hospitali imekunjwa mara nne. Kati ya tarehe ya kuzaliwa kwangu na tarehe ya hiyo risiti ni siku 13. Miaka hii yote amekuwa akihesabu 11.