Usimwage Hiyo Bia Bado

Krismasi tulikuwa ushago, upande wa Bungoma. Asubuhi ya pili nikaamshwa kusafisha boma, na si mnajua vile meza huwa baada ya wajomba kukesha: chupa kumi na kitu, kila moja na bia ya vidole viwili chini. Nikaanza kumwaga kwa nyasi. Kukhu akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Wewe! Nani alikwambia hiyo ni taka?" Akanipokonya chupa, akazimimina zote kwa beseni la machicha ya busaa, akaniambia nipelekee nguruwe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu mabaki ya pombe kama mtu ana mtihani. Na manze, hii stori ni kubwa kuliko zile video za kuosha nywele na bia. (Kama hujafika 18, hii si ruhusa ya kununua. Tunaongea historia.)

Tuanze na mkate. Plinio, Mrumi aliyeandika katika karne ya kwanza, anasema watu wa Galia, yaani Ufaransa ya leo, na wa Iberia walikuwa wanachukua povu la bia na kuchachisha unga nalo, na mkate wao ulikuwa mwepesi kuliko wa wengine. Hiyo tabia iliendelea karne nyingi. Mwokaji wa Uingereza hakuwa anaenda dukani kununua hamira ya pakiti. Alienda kwa mpika pombe kuomba povu. Lakini usikimbie kujaribu na ile bia imelala kwa friji yenu. Bia ya chupa ya siku hizi kwa kawaida imechujwa na kupashwa moto, hiyo chachu imekufa au imetolewa. Mandazi yako yatabaki mawe. Itumie kwa bhajia, ikiwa bado ina gesi, utaona tofauti.

Sasa tuingie Burton upon Trent, mji wa Uingereza uliojaa viwanda vya bia. Chini ya mapipa kulikuwa kunabaki tope la chachu, chungu, mingi ajabu. Mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, alikuwa ameshaonyesha kwamba hiyo chachu inaweza kukolezwa mpaka iwe chakula. Mwaka wa 1902 kampuni ikafunguliwa hapo hapo Burton, ikachukua hilo tope, ikaweka chumvi, ikaliingiza kwa chupa, ikaliita Marmite. Ndio hiyo hiyo nyeusi unaona supermarket, bei yake inakufanya uirudishe kwa shelfu polepole.

Lakini sehemu yenye ilinigusa ni ya Bombay. Mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari Mwingereza, Lucy Wills, alitumwa India kuchunguza kwa nini wanawake wajawazito, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wanaishiwa damu vibaya sana mpaka wengine wanakufa. Hawa walikuwa masikini. Wills akaangalia chakula chao, akapima, akajaribu kwa panya na nyani. Alipompa nyani mgonjwa Marmite, nyani akapona. Akawapa akina mama, damu ikarudi. Mwaka wa 1931 akachapisha matokeo yake. Hakujua jina la kile kilichokuwa ndani. Kwa miaka kadhaa watu walikiita tu kitu cha Wills. Mwaka wa 1941 wanasayansi wakakitoa kwenye spinachi na kukipa jina tunalojua: asidi ya foliki.

Sasa nenda jikoni uchukue pakiti ya unga wa ugali. Geuza nyuma. Hapo kwa orodha ya virutubishi utaona folate. Kenya iliweka sheria mwaka wa 2012 kwamba unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, uongezewe hivyo vitu. Na kama mamako alienda kliniki akiwa na mimba yako, kuna uwezekano mkubwa alipewa vidonge vya madini ya chuma na foliki. Hiyo njia yote ilipitia kwa tope la chini ya pipa la bia. Mimi nikifikiria hivyo nashindwa kusema "takataka" tena.

Tukirudi kwetu. Neno machicha si geni kwa mfugaji yeyote wa Kiambu. Kiwanda cha bia kikishatoa sukari ya shayiri, ile punje inayobaki bado ina protini kibao, na wenye ng'ombe wa maziwa wananunua kwa lori. Kwa hivyo ile chai yako ya asubuhi inaweza kuwa na undugu na Tusker. Wakamba na Wakikuyu nao, wakitengeneza muratina, hawatupi lile tunda lililochachisha pombe. Wanalianika juani, wanalitumia tena, chachu imejificha ndani yake. Hakuna mtu alihitaji kusoma Liebig ndio ajue hivyo.

Lakini hapa ndio mimi hukasirika kidogo. Busaa ni kazi: unga wa mahindi unachachishwa, unakaangwa kwa karai kubwa mpaka mikono inauma, unachanganywa na kimea cha wimbi, unasubiriwa, unachujwa. Pombe inauzwa, machicha yanaenda kwa nguruwe na kuku, nguruwe anauzwa Januari, karo inalipwa. Hiyo ilikuwa biashara nzima ya mama mmoja. Enzi za ukoloni ilipigwa vita, na hata baada ya uhuru ikapigwa vita. Kukhu alinisimulia asubuhi moja askari walipokuja, wakapindua mitungi. "Pombe ningesamehe," akasema. "Lakini walimwaga na machicha."

Nikamwuliza nguruwe walikula nini mwaka huo. Akanyamaza. Baadaye akasema mjomba wangu alirudia darasa la sita.

Sisemi kila kitu kilichopikwa uani ni salama. Watu wamepofuka na wengine wamekufa kwa sababu ya pombe chafu, na hiyo si ya kuchekea. Nasema tu kwamba mabaki ya pombe yakitoka Burton yanaitwa lishe, yakitoka kwa karai ya kukhu yanaitwa ushahidi.

Aprili nilirudi ushago na ile chupa nyeusi. Kukhu akachovya kidole, akalamba, akafikiria.

"Hii ni machicha yameongezwa chumvi," akasema. "Umenunua pesa ngapi?"

Sikumwambia.