Sadaka si bei: kaburi la Mkomani

Kila siku makondakta wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" na sisi tunashuka tu. Jina hilo linatokana na kengele ya kweli, ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachiliwa huru kilichoanzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1875. Lakini si mbali na hapo, Mkomani, kuna kaburi lililoitangulia kengele hiyo, na ndilo nataka tuongee habari zake leo.

Mwaka 1844 Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuja kuishi Mombasa na mkewe Rosine, mjamzito. Lengo lake lilikuwa kubwa: misheni zifuatane kama mnyororo, kutoka pwani yetu hadi upande wa pili wa Afrika. Julai homa ikawaangusha wote wawili. Rosine akafa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike akamfuata. Wakazikwa huku bara.

Sasa jamani, siku hizi tunafundishwa kwamba kujitolea ni kama kununua. Funga siku 21, toa hela yako ya mwisho, na Mungu lazima akupe ulichotaka. Kama ni hivyo, Krapf alilipa zaidi ya wengi wetu. Je, mnyororo wake aliuona? Wapi! Mwaka 1853 afya ilimrudisha Ulaya. Mwenzake Rebmann alidumu kutoka 1846 hadi 1875, akaondoka karibu kipofu, na waumini aliowapata walikuwa wachache mno.

Kilichozaa ni kingine. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Rabai, walikoanzia kazi, na baadaye Frere Town zikawa mahali ambapo watu waliouzwa kama bidhaa walijifunza kusoma na kujenga nyumba zao.

Kwangu mimi hiyo ndiyo sadaka ya Kikristo. Hata Yesu pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Ukitoa kweli, unatoa pia haki ya kuamua kitazaa nini. Ukibaki na risiti mkononi ukimdai Mungu, hiyo ni biashara.

Basi jitolee, soma, kesha, funga. Ila jiulize: lengo lako lisipotimia, bado ungetoa?

Niambieni hapo chini.